Zimwi la Jumamosi

Zimwi lenyewe, wallahi, lina zipu mgongoni. Likigeuka kurudi ziwani utaiona, imeanzia kisogoni mpaka kiunoni, na hapo chini imeshonewa kiraka. Magamba ni mpira mtupu. Macho ni vitaa viwili, na kimoja hakiwaki sawasawa. Nimelitazama leo tena na tena, nikalirudisha nyuma, nikalisimamisha, nikalikuza mpaka likajaa kioo cha simu. Mtu mzima mimi, nina mjukuu, nimekaa hapa Likoni naogopa mtu aliyevaa mpira.

Nyinyi wa rika langu, mliolelewa mtaa mzima ukiwa na tivii moja, pengine mnalikumbuka. Filamu zile hazikuwa za sinema. Zilitengenezwa ng'ambo kwa ajili ya tivii tu, haraka haraka, kwa vitu vya bei rahisi, na sisi zikatufikia zimeshachakaa huko. Hii yetu ilikuwa ndefu, basi wakaikata vipande viwili, sehemu ya kwanza Jumamosi hii na sehemu ya pili Jumamosi ijayo. Sehemu ya pili sikuiona. Nimeitafuta umri wangu wote, nikiuliza watu mpaka wakaniona nina wazimu, na nimeipata sasa, Mama akiwa kitandani hajiwezi, na daktari ameshatuambia tumrudishe nyumbani tukae naye. Mtu asiniambie ni filamu tu. Hebu nisikilizeni kwanza.

Tivii ilikuwa ya Baba Otieno, jirani yetu aliyetoka bara, mtu wa kiwandani kule Changamwe. Mkristo, mpole, hana maneno mengi. Stima hatukuwa nayo, kwa hivyo aliiwasha kwa betri ya gari, na ile harufu kali ya maji ya betri ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi. Mpaka leo nikipita karibu na fundi wa betri, moyo hunidunda kabla sijajua kwa nini. Baada ya magharibi aliisogeza tivii mlangoni, sisi watoto tukajazana kwenye mkeka mbele, wanawake wakakaa nyuma na leso zao kichwani, wanaume wakasimama. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe na mvua juu yake. Kila mtu aliiona, lakini maneno yalikuwa Kizungu, na maneno yale alitufasiria babangu.

Baba alikuwa mtu wa kamba bandarini. Meli ikija kufunga, yeye na wenzake walitoka na boti dogo, wakateremshiwa kamba nene kutoka juu, wakaipeleka kwenye boya na kuifunga. Kwa kuwa kutwa alikuwa akipigiana kelele na mabaharia wa kila nchi, mtaa wote uliamini Kiingereza anakimwaga kama maji. Naye hakumkanusha mtu. Alikaa kwenye kibao kando ya tivii, mguu juu ya mguu, akingoja kuulizwa.

"Wasemaje, Baba Mwanasha?" wanawake waliuliza.

"Huyu asema ziwa hili lina kitu. Yule amwambia, toka hapa, wewe walewa mchana."

Tukacheka. Wazungu wote aliwapa majina. Mkuu wa polisi alikuwa Mzee Shabani. Mwanamke mwenye nywele nyeupe alikuwa Bi Zuhura, na Bi Zuhura, kwa mujibu wa Baba, alikuwa na mume mwenye boti. Mume yule alipotokea, amekaa ndani ya boti lake ameshika kamba, Baba akajipiga kifua. "Mnamuona? Huyu mwenzangu. Mtu wa kamba huyu." Wanaume wakapiga mbinja, na mimi nikajiona mtoto wa mtu mkubwa, maana babangu yumo ndani ya tivii.

Ndipo ile kamba ikakazika. Kitu chini ya maji kiliivuta. Mtu wa boti akavuta kwake, kitu nacho kikavuta kwake, boti likalala ubavu, mkono wenye magamba ukatoka ukamkamata shingoni, akaenda. Ikabaki kofia inaelea. Nilipiga ukelele ambao naamini ulivuka mpaka kisiwani. Nilikuwa mdogo, hata kufunga Ramadhani sijaanza, na nikajikojolea pale pale juu ya mkeka wa watu.

Baba akaniinua akanipakata, kanzu yake ikalowa, hakujali. Katika tivii Mzee Shabani alikuwa amesimama ufuoni amevua kofia, anasema na Bi Zuhura, na Bi Zuhura analia. Nyuma wanawake wakauliza, "Wasemaje? Baba Mwanasha, wasemaje hao?"

Nilimsikia Baba akimeza mate, maana kichwa changu kilikuwa kifuani pake.

"Asema yu hai," akasema. "Limemmeza zima zima, halikumtafuna. Yumo tumboni, mzima wa afya, kama Nabii Yunusi. Amekaa kitako asoma dua yake. Jumamosi ijayo watalipasua, atoke."

Baba Otieno akakohoa. Akamtazama Baba, kisha akainama akaanza kugeuza geuza ile antena, ingawa picha haikuwa na tatizo lolote.

Hadithi ya Nabii Yunusi tulikuwa ndiyo kwanza tumeimaliza chuoni kwa maalim. Nilimjua yule samaki, nilijua giza la tumboni, na ile dua nilikuwa nimeihifadhi kabla ya watoto wengine wote. Kwa hiyo sikuona ajabu. Mtu humezwa, husoma dua, hutemwa ufuoni. Nilinyamaza, nikafuta kamasi kwa kanzu ya babangu, na usiku ule nilipata usingizi mzuri.

Katikati ya wiki ile ile, Baba hakurudi kazini. Meli ilikuwa ikifunga, kamba ikakazika ghafla, ikalipindua boti lao. Wenzake waliokolewa. Yeye alikwenda chini, hakuonekana. Wazamiaji waliteremka siku ile na siku za mbele yake, wakatoka na kiatu tu. Habari ilipofika mtaani, Mama alikuwa akikuna nazi. Aliinuka, mbuzi ya kukunia ikaanguka, machicha yakamwagika, akasimama katikati ya ua ameshika kifuu. Wanawake wakaangua kilio. Na mimi, jamani, mimi nilifurahi. Nilikuwa nimemuona kwa macho yangu mtu wa kamba akivutwa na kamba yake. Nilijua yuko wapi na nilijua siku ya kutoka. Niliwashangaa watu wazima wanaolia na hali walikuwa wamekaa nami kwenye mkeka mmoja, wakasikia maneno yale yale.

Mama Mkubwa, dadake Mama, alikuja kutoka Kisauni na bafta nyeupe ndani ya kikapu. Ilikuwa nguo ya eda. Mnajua wenyewe, mjane hukaa ndani, hajipambi, hajitii manukato, haangalii kioo, amevaa nguo yake moja nyeupe mpaka muda wake uishe. Wanaume walikuwa wameshakata shauri kumsalia Baba siku ya Ijumaa, sala ya maiti aliye mbali. Mama Mkubwa akaikunjua ile bafta kitandani.

"Vaa, mdogo wangu. Mtu hajarudi, wenzake wamemuona akizama. Wangoja nini?"

Niliirukia ile nguo nikaing'ang'ania. Mama Mkubwa akavuta, nami nikamuuma mkono mpaka nikasikia ladha ya damu. "Msimvishe! Mkimvisha, Baba hatatoka!"

"Mtoto huyu ana nini? Atoke wapi?"

"Tumboni! Baba mwenyewe alisema! Jumamosi watalipasua!"

Wakanitazama wote. Mmoja akasema nisomewe, nimeingiwa. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, macho makavu. Akanishika mabega akanivuta baina ya magoti yake.

"Wataka nifanye nini, Mwanasha?"

"Usivae mpaka tuone sehemu ya pili. Niahidi, Mama. Sema wallahi."

Akanifuta damu mdomoni kwa kidole. Akasema, "Wallahi." Mama Mkubwa akagonganisha viganja, astaghfirullah, wewe nawe wamsikiliza mtoto! Lakini Mama hakuvaa. Ijumaa wanaume wakamsalia Baba msikitini, na mkewe nyumbani amevaa dera la maua mekundu.

Sijui niwaeleze vipi siku zile. Kila nikitoka chuoni nilikwenda ufuoni, upande wa Mtongwe, nikasimama maji yanifike magotini, nikaisoma ile dua ya Nabii Yunusi kuelekea huko ndani. Niliisoma kwa sauti kubwa ili kama Baba ameisahau anisikie aifuatishe. Niliogopa sana ameisahau, maana hakuwa mtu wa kuhifadhi, kila mara alikuwa akiniuliza mimi. Niliisoma mpaka sauti ikakauka, ikawa ni midomo tu inayocheza. Watu wa pale waliniona, wakaniacha.

Jumamosi ikafika. Magharibi haijaadhiniwa vizuri nimeshafika kwa Baba Otieno, nimeoga, nimevaa nguo ya Idi. Hapakuwa na mtu. Mkeka haukutandikwa. Mlango uko nusu wazi, na ndani nikaiona tivii imefunikwa leso, yote mpaka chini.

"Hodi! Baba Otieno, funua. Itaanza."

Alitoka amevaa fulana, akachutama mbele yangu. "Mtoto yangu, leo haiwezekani. Kwenu kuna msiba. Siwezi kuwasha."

"Hakuna msiba. Washa kidogo tu. Washa wanapolipasua, kisha uzime."

"Betri imeisha."

"Weka hata sauti! Sauti tu, nitasikia mwenyewe!"

"Hata sauti haitoki."

Nilimpita nikaingia, nikaishika ile leso. Naye akanishika mkono, si kwa nguvu, akanishika tu. Nilimuomba kwa Mungu wake na kwa Mungu wangu. Nilimwambia Baba amekaa kizani siku zote hizi, hajala. Nikaona midomo ya yule mtu mzima inacheza cheza kama yangu ilivyokuwa ikicheza ufuoni, na machozi yakamtoka, lakini leso hakuifunua. Siku ya pili asubuhi nilisikia redio yake ikiimba kwa betri ile ile. Nilimchukia kwa hilo mpaka nikawa mkubwa, na alipohama kurudi kwao sikwenda kumuaga.

Nilirudi nyumbani giza limeingia. Mama alikuwa mlangoni, amesimama.

"Umeona?"

"Sikuona. Betri imekwisha."

Akasema, "Basi tungoje."

Tukangoja. Ile bafta ikaingia sandukuni, na kila Jumamosi nilipita kwa Baba Otieno, na kila Jumamosi sehemu ya pili haikurudiwa. Wakaleta mambo mengine, wakaleta mpira, wakaleta kwaya. Mimi nikakua, nikaacha kuyaamini ya tumboni, ikabaki hamu ya kuiona filamu tu, nikajua watu wakizama wamezama. Lakini Mama hakuvaa. Ami yangu alimshika mkono ampeleke kwa Kadhi, mume aliyepotea ahukumiwe kuwa amekufa na mke awe huru, akagoma. Akaja fundi cherehani mmoja kumposa, mtu mwema, mcheshi, ambaye mimi nilimtaka kabisa awe baba. Mama akamjibu, "Mimi ni mke wa mtu." Kila usiku alitenga sahani akaifunika kawa, na asubuhi akawapa kuku. Majirani wakaanza kusema chini chini. Si mjane, si mke, alikuwa amesimama mlangoni tu, nami niliolewa nikamwacha pale pale. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Nilidhani ni ukaidi.

Leo baada ya alasiri nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, simu mkononi. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni ila kivuli. Nilidhani amelala. Ule muziki wa filamu ulipoanza, ngoma zile za kuogopeshea watoto, akageuza kichwa.

"Ndiyo ile?"

"Ile ipi, Mama?"

"Ya zimwi. Leta karibu nisikie."

Nikaiweka simu juu ya mto wa kulalia, karibu na sikio lake. Tukafika pale, kamba, boti, kofia. Sasa Kiingereza nakijua, nimekisomesha miaka mingi. Bi Zuhura si mke wa mtu yule hata kidogo, ni daktari aliyeitwa kutoka mjini. Na Mzee Shabani, amevua kofia, anamwambia: ameshakufa, na hatukupata hata kitu cha kuzika. Ndivyo alivyosema, waziwazi, mara mbili. Nikakumbuka babangu akimeza mate, na Baba Otieno, aliyesoma kwao bara na kukijua Kiingereza kuliko sisi sote, akikohoa na kuinamia antena.

"Wasemaje?" Mama akauliza.

Nikaisimamisha filamu.

"Najua wasemavyo," akasema. "Kiingereza cha babako kilikuwa cha melini. Vuta, legeza, simama. Lakini kofia ile hata mtoto aliiona. Alikudanganya kwa kuwa ulikuwa walia."

"Mama, ulijua? Ulijua, na ukangoja?"

"Nilikuapia. Mpaka sehemu ya pili." Akapumzika, pumzi yake sasa ni ya kuokoteza. "Usijibebeshe. Haikuwa kwa ajili yako peke yako. Siku ile dunia nzima waliniambia nivae. Wewe tu ndiye uliyeniambia nisivae. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo, ukawa wewe."

Nilimshika mkono, umekuwa mwepesi, ngozi na mifupa.

"Haya," akasema. "Iweke ya pili."

Nikaiweka. Haina chochote, jamani. Wanaume wanazunguka na mataa, wanabishana, Bi Zuhura anakimbia na viatu vya visigino. Mwishoni wanalimwagia petroli na kulitia moto, na lile zimwi linajikunja, ule mpira unayeyuka vibaya, unatoa moshi mweusi. Hakuna aliyelipasua. Hakuna aliyeleta kisu.

"Ametoka?" Mama akauliza.

Na uongo ulikuwa pale, umeshaiva, mtamu. Neno moja tu, ametoka, yu mzima, na mamangu angetabasamu. Nilimsikia Baba kabisa, ameweka mguu juu ya mguu, ananihimiza. Nami nikaona nikilisema neno lile, Mama atakufa amesimama mlangoni, sahani imefunikwa kawa.

"Hakutoka, Mama."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Wamelichoma. Majina yameanza kupanda."

"Rudisha nyuma."

Nikairudisha. Tukasikiliza tena ule moto, zile kelele, ule muziki. Vidole vyake vilikuwa vimenikamata kifundo cha mkono, sijui nguvu alizitoa wapi.

"Hakutoka," nikasema. "Hakuna aliyetoka."

Vidole vikalegea. Nikainama kusikiliza kama anapumua. Kisha akasema, "Nitolee ile nguo. Ya Kadhi tutamuuliza Kadhi. Wewe nitolee."

Ilikuwa chini kabisa ya sanduku, imekuwa manjano kwenye mikunjo, inanuka kafuri. Nilimvua dera, nikamvisha, nikimuinua upande mmoja kisha upande wa pili. Nikakigeuza kioo cha ukutani. Simu ilikuwa bado inawaka juu ya mto, nikaizima, nikaifunika leso.

"Sasa lia," Mama akaniambia. "Hujamlilia babako hata siku moja."

Nikalia. Nililia kwa sauti, bila haya, ukelele ule ule wa mkekani, nikisema Baba, Baba, mpaka majirani wakaja mbio, wakasukuma mlango, wakasimama pale na leso zao wakiuliza, kuna nini, ni nani amekufa?

Mama akawajibu mwenyewe, kutoka kitandani, kwa sauti iliyonyooka.

"Mume wangu," akasema.